Mfuko Uliopita Ukaguzi

Tangu saa mbili asubuhi Mama Vitambaa alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Sasa ilikuwa inakaribia saa nne, na televisheni bado ilikuwa imeelekezwa ukutani.

Haikuwa mbovu. Ilikuwa mpya kabisa, imefika jana kwenye gari la mizigo, na fundi aliyeileta alikuwa ameshafunga antena na kutafuta stesheni zote. Picha ilikuwa imetokea, safi, na Mama Vitambaa alikuwa ameshaanza kuvuta kiti. Lakini fundi yule hajafika hata getini, mume wa Mama Vitambaa akachomoa plagi na kusema hakiwashwi kitu humu ndani mpaka kikaguliwe. Leo asubuhi aliigeuza televisheni, akavaa miwani, akapiga magoti kwa taabu, na tangu hapo alikuwa akiisoma mgongoni.

Mumewe alikuwa mtu wa zimamoto. Alistaafu miaka sita iliyopita, sare akairudisha, kofia akairudisha, lakini mtaa mzima bado ulimwita Afande, na yeye mwenyewe hakuwahi kurudisha ile kazi. Mama Vitambaa alikuwa akiwaambia wanawake wenzake kwamba aliolewa na mwanamume mmoja lakini aliletewa kikosi kizima. Waume wengine walirudi nyumbani na umbea wa ofisini. Wa kwake alirudi na orodha ya vitu vilivyounguza nyumba za watu wiki hiyo: mshumaa, pasi, mshumaa tena, mtu aliyelala na sigara. Nje ya mlango wa jikoni palikuwa na ndoo ya mchanga ambayo kwa miaka ishirini haikuzima chochote, ila wajukuu waliichezea na paka aliitumia kwa mambo yake. Na kila siku kabla ya kulala, Afande alizunguka nyumba nzima akigusa plagi moja moja kwa mgongo wa kiganja, kama mzazi anayepima homa ya mtoto.

Yote hayo alikuwa ameyazoea. Siku ya leo ndiyo ilikuwa imemfika shingoni.

Leo, saa tano kamili asubuhi, kitinda mimba wao alikuwa anahitimu uuguzi. Chuo kilikuwa mbali, safari ya siku mbili, na ukumbi wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba wazazi waliambiwa wabaki makwao, sherehe itaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Na huyo binti hakuwa mhitimu wa kukaa tu kwenye kiti akapigiwa makofi. Alikuwa amechaguliwa, kati ya wote mia na arobaini, kusoma kiapo kwa niaba ya wenzake. Ndiye aliyeituma hiyo televisheni, kwa kazi hiyo hasa, maana wazazi wake walikuwa na redio na simu za vitufe basi. Wiki iliyopita alimpigia mama yake na kumwambia: "Nikimaliza kusoma nitaangalia kamera. Wengine watadhani naangalia watu. Wewe ujue nakuangalia wewe."

Mama Vitambaa hakumwambia mtu maneno hayo, hata Afande. Aliyaweka moyoni, akawa anayatoa na kuyarudisha kila alipokaa peke yake na sindano yake ya kufuma.

Maana kufuma ndiko kulikompa jina. Nyumba yake haikuwa na kitu kilicho uchi. Meza ilikuwa na kitambaa, mikono ya viti ilikuwa na vitambaa, redio ilikuwa na chake, na hata mtungi wa maji ulikuwa na kifuniko chenye shanga pembeni. Kwa ajili ya televisheni alikuwa amefuma kipya kwa wiki tatu, cheupe chenye ukingo wa buluu, kinachoshuka nyuma mpaka katikati. Jana alikitandika. Leo asubuhi Afande alikiinua kwa vidole viwili kama mtu anayetoa mende kwenye mchuzi.

Alieleza kwamba kile chombo kinapumulia mgongoni. Yale matundu ndiyo pua zake, na kukifunika ni kukiziba pua. Joto litakosa pa kwenda. Mama Vitambaa akasema basi kitambaa kiwekwe mbele. Afande akasema mbele ndiko kwenye picha. Mama Vitambaa alijua hilo. Alikuwa tu hana tena maneno mengine.

Baada ya kitambaa likaja ua. Lilikuwa ua zuri kwenye chombo cha udongo, alilipanga juu ya kabati pembeni mwa televisheni, na Afande akataka kujua maji ya hilo ua yakimwagika yataelekea wapi. Ua likahamia dirishani. Kisha pazia: lilikuwa linagusa kabati, likafungwa fundo. Kisha kabati lenyewe: akalitikisa, likayumba kidogo, akatafuta kipande cha mbao cha kutegemeza mguu, akakichonga, kikawa kinene, akakichonga tena. Kisha akasema televisheni za siku hizi ni nyembamba na mjukuu akiivuta itamwangukia, kwa hiyo akatoboa ukuta na kuifungia mkanda. Wajukuu wenyewe walikuwa wanaishi miji mingine na wangekuja likizo baada ya miezi minne.

"Baba," Mama Vitambaa alisema, kwa sauti ambayo aliilazimisha iwe ya upole, "tuwashe leo tu. Saa moja tu. Tukishamwona mtoto, uifanyie ukaguzi mpaka kesho kutwa, hata ukitaka uivunjevunje."

"Kila nyumba niliyoikuta imeungua," alisema Afande bila kugeuka, "kulikuwa na mtu aliyesema leo tu."

Angekuwa mkali, angalau wangegombana, na ugomvi unamaliza jambo. Lakini Afande hakuwa mkali. Alikuwa mpole, mvumilivu, na alikuwa na sababu ya kila kitu, na hakuna kinachochosha kama mtu mwenye sababu ya kila kitu.

Saa nne ikagonga. Dada yake Mama Vitambaa akaingia, mkoba begani, kitambaa kipya kichwani, akajitupa kwenye kiti cha mbele kabisa na kuuliza kama ndivyo wanavyotazama televisheni siku hizi, kwa nyuma. Huyu dada alikuwa mkubwa kwa miaka minne na alikuwa na ulimi usio na siku ya mapumziko. Alimwamkia shemeji yake, akamuuliza anatafuta nini huko nyuma, kama ni bomu waambiwe mapema watoke. Kisha akasema koo limemkauka.

Mama Vitambaa alikuwa njiani kuelekea jikoni kuchemsha chai ndipo Afande alipofikia soketi.

Sebule ilikuwa na soketi moja, ya zamani kama nyumba yenyewe. Afande aliingiza plagi, akaitingisha, ikacheza. Akaichomoa, akawasha tochi, akachungulia. Akanusa. Kisha akainuka kimya kimya, akaenda kwenye boksi la swichi mlangoni na kuzima upande mzima wa sebule na jikoni, akarudi na bisibisi na kuing'oa soketi ukutani. Nyuma yake plastiki ilikuwa imeungua, nyeusi, upana wa kidole gumba.

"Umeona?" alimwambia mkewe, akimwonyesha kwa mikono miwili. Hakuwa anajisifu. Ndiyo kwanza macho yake yalikuwa yamepata uhai siku hiyo.

"Nimeona."

"Inahitajika mpya."

"Baba, ni saa nne na robo."

Akasema duka la vifaa liko pale pembeni, dakika ishirini kwenda na kurudi. Akachukua ile soketi iliyoungua, akaifunga kwenye gazeti, akavaa viatu, akafunga kamba za viatu, akazifungua na kuzifunga vizuri zaidi, akaondoka. Mama Vitambaa alimtazama kwa dirishani akitembea polepole kwa sababu ya goti lake, na akajua kabisa hizo dakika ishirini ni za uongo. Mwenye duka la pembeni angemletea soketi, Afande angeifungua, angeipima kwa kiganja, angesema ni nyepesi, ni ya bandia, na angevuka barabara kwenda duka la mbali. Huko nako angetaka bisibisi.

Dada yake akashauri waende kwa jirani. Jirani ana televisheni kubwa, ana viti vya kutosha, na hana mume wa zimamoto. Mama Vitambaa akakataa. Hakusema kwa nini. Hakutaka mtoto wake amwangalie akiwa kwenye kiti cha mtu mwingine, amebanwa katikati ya watu wanaomuuliza yupi ndiye yupi. Alitaka kuangaliwa akiwa nyumbani kwake, kwenye hiyo televisheni aliyoletewa. Kama huo ni ujinga, basi ulikuwa ujinga wake, na alikuwa ameuvalia gauni.

Ilipofika saa tano kasoro dakika kumi na tano, barabara ilikuwa bado tupu. Mama Vitambaa akasimama.

"Sasa basi," alisema.

Kwenye korido, karibu na chumba cha kulala, palikuwa na soketi ambayo Afande hakuizima, na kutoka hapo ilikuja ekstensheni, waya mrefu wa kuvutia umeme, ya taa ndefu ya kusomea iliyosimama sebuleni. Ekstensheni hiyo ilikuwa na historia. Miaka mingi iliyopita, mama mkwe alijikwaa kwenye waya wake na kuteguka mguu, na Afande akapiga marufuku: hakuna waya utakaotambaa sakafuni humu ndani. Mama Vitambaa akatii. Akaupitisha waya pembeni mwa ukuta, na urefu wote uliobaki, mita nyingi, akauviringa ukaviringika, ukakaza kama mpira wa uzi. Halafu, kwa kuwa ule mviringo haukupendeza machoni, akaufumia mfuko. Mfuko mwekundu, wa uzi wa pamba uliokunjwa mara mbili, wenye kamba ya kufungia mdomo. Akautundika kwenye msumari nyuma ya kabati, na kilichochungulia nje kilikuwa tu kile kichwa chenye matundu ya plagi.

Afande alipouona mfuko ule aliukagua juu na chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema, "Huu ndio usafi wa kazi." Baadaye Mama Vitambaa alisikia kwamba alisimulia hata kazini. Katika mambo ya umeme, kwa miaka yote ya ndoa yao, hiyo ndiyo ilikuwa sifa pekee aliyowahi kumpa, na aliitunza. Hata leo asubuhi, katika ule ukaguzi wake wa saa mbili mfululizo, alipofika nyuma ya kabati Afande aliupigapiga ule mfuko mara mbili, kama mtu anayemsalimia rafiki, akaupita na kwenda kwenye pazia.

Kwa hiyo Mama Vitambaa hakuona kwamba anafanya jambo la hatari. Alichomeka plagi ya televisheni pale palipopita ukaguzi. Na kwa kuwa jikoni hakukuwa na umeme, na mkaa ungechukua nusu saa kushika, na dada yake alikuwa ameshataja koo lake mara tatu, akalileta birika la umeme na kulichomeka hapo hapo, tundu la pili. Mwishowe alichukua kile kitambaa cheupe chenye ukingo wa buluu akakitandika mahali pake, kwa ubishi tu. Baada ya dakika moja alisimama akakitoa, akakiweka mapajani. Alijikasirikia kwa kukitoa.

Televisheni ikawaka. Ukumbi ukatokea, safu kwa safu ya sare nyeupe, na Mama Vitambaa akasogea mpaka ukingoni mwa kiti. Alimtafuta binti yake mstari kwa mstari. Dada yake alimwona mara sita, na mara zote hakuwa yeye.

Kisha mgeni rasmi akasimama kuhutubia. Mungu amsamehe mgeni rasmi yule. Aliwashukuru waliomwalika, akawashukuru waliomtangulia kushukuru, akaeleza historia ya chuo tangu kilipokuwa na paa la nyasi, akasimulia alivyougua malaria akiwa na miaka tisa. Birika likachemka. Dada mtu akapata kikombe chake, akakimaliza, akasema chai ilikuwa nzuri ila kidogo, na Mama Vitambaa, bila kuondoa macho kwenye kioo, akajaza maji tena na kuliwasha. Mgeni rasmi alikuwa sasa anapona malaria. Barabarani hakukuwa na Afande. Mama Vitambaa hakujua amkasirikie nani kwanza, aliyechelewa kurudi au aliyechelewa kukaa.

Hatimaye mgeni rasmi akakaa. Mkuu wa chuo akafika kwenye kipaza sauti, akasema sasa ni wakati wa kiapo, na akalitaja jina.

Akatokea. Alikuwa amekonda. Kofia yake ilikuwa imekaa upande kidogo, na mama yake aliinua mkono kuiweka sawa kabla hajakumbuka. Binti alifika mbele, akaiweka karatasi, akailainisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, vile vile alivyokuwa akilainisha daftari alipokuwa darasa la kwanza, akisomea kwenye meza hiyo hiyo ya sebuleni. Akainua uso. Akafungua mdomo.

Na hapo harufu ikafika.

Ilikuwa ndogo, ya plastiki inayopata joto, tamu tamu kidogo na ya kukera. Dada yake aliinusa pia. "Nani anaunguza kitu huko kwa jirani?" aliuliza, na kunywa chai yake.

Mama Vitambaa hakuhitaji kuuliza. Aliijua harufu hiyo kuliko mtu yeyote mtaani, pengine kuliko hata Afande mwenyewe, kwa sababu Afande aliivaa tu. Yeye aliifua. Kwa miaka thelathini na moja ilirudi nyumbani kwenye kola za mashati, na alizisugua maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, na bado ilibaki. Na Afande alikuwa amemwambia, siku moja aliporudi kutoka kwenye nyumba ambayo hakutaka kuisimulia, kwamba harufu hiyo hutangulia. Inakuja kabla ya moshi, inakupa dakika chache, na dakika hizo watu huzitumia kukaa pale pale na kuulizana ni nani anaunguza nini.

Akageuka. Mfuko mwekundu, nyuma ya kabati, ulikuwa na doa la kahawia. Alipokuwa analitazama likawa pana kama sahani ndogo ya kikombe.

Kiapo ni kifupi. Alikijua, binti yake alikuwa amemsomea kwenye simu kipande cha mwanzo. Dakika moja, isizidi mbili. Halafu ule mtazamo kwenye kamera, ambao ungechukua muda wa kupepesa macho. Doa lingesubiri dakika mbili. Pengine lingesubiri. Alisikia sauti yake mwenyewe ya asubuhi ile ikisema leo tu, na akamchukia Afande kwa moyo wote, akainuka, na kukimbia koridoni.

Mkono ukiwa kwenye swichi alimsikia mtoto wake akianza. "Mimi," alisema, kwa sauti kubwa na safi, na Mama Vitambaa akazima.

Mengine aliyafanya bila kufikiri. Alichomoa plagi. Alirudi sebuleni akamkuta dada yake amesimama na birika, tayari kuumwagia mfuko maji, akampokonya. Akachukua mkasi wake wa nyuzi, akakata kamba, akaushusha mfuko kwenye sufuria, ukitoa uzi mwembamba wa moshi, akautoa nje na kuuzika kwenye ile ndoo ya mchanga ambayo kwa miaka ishirini haikuzima chochote. Paka alimtazama kwa chuki.

Kisha akakaa kwenye ngazi ya jikoni, na gauni lake la kutokea, akalia kwa hasira. Dada yake alisimama mlangoni.

Afande aliingia getini dakika kumi baadaye, soketi mpya mkononi, pua imetangulia. Aliiona ndoo, akapiga goti lake bovu, akafukua kwa vidole, akaufungua mfuko. Waya ndani ulikuwa umeyeyuka na kushikana, mzunguko juu ya mzunguko.

"Sema," mkewe alimwambia. "Nimechomeka birika. Nimechomeka televisheni. Sema basi, si ndiyo kazi yako?"

Afande aliugeuza ule mfuko, akaingiza kidole kwenye tundu lililoungua, akakitoa upande wa pili.

"Waya uliokunjwa hauruhusiwi kubeba mzigo," alisema mwishoni, polepole. "Joto halina pa kutokea. Nimewafundisha watu hilo miaka yote. Na huu nimeukagua mimi."

"Uliusifu."

"Niliusifu."

Akakaa chini kwenye ngazi, kando yake. Uso wake ulikuwa wa mzee, na Mama Vitambaa, ambaye alikuwa na maneno ya kutosha kujaza siku nzima, hakupata pa kuyaweka. Akaanza na dogo kuliko yote. Akasema angemwachia tu ile soketi ya zamani, mambo haya yasingetokea.

"Ile," alisema Afande, "isingengoja hata mgeni rasmi amalize."

Na hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkera zaidi. Akainuka, akaenda kuvuta pumzi kwenye kona ya nyumba.

Afande alifunga soketi mpya kwa dakika kumi na moja. Dakika kumi na moja, Mama Vitambaa alizihesabu kwenye saa ya ukutani akiwa amekunja mikono. Televisheni ikawaka bila tatizo lolote, ikapumua vizuri kwa pua zake zote, na kwenye kioo mwanamke mmoja mwenye furaha akawa anaonyesha sabuni ya kufulia.

Simu ikaita saa nane mchana. Chakula kilikuwa mezani, hakuna aliyekigusa. Mama Vitambaa akabonyeza kitufe cha sauti ya nje na kuiweka simu juu ya kitambaa.

"Mama!" Sauti ilikuwa imejaa. "Uliniona? Nilipomaliza niliangalia kamera. Uliona?"

Afande akakohoa. Mama Vitambaa angeweza kusema ndiyo. Ni neno moja, na lingemfurahisha mtoto, na nani angekuja kulikagua.

"Nilikuona ukifungua mdomo," alisema.

"Halafu?"

"Halafu nikazima."

Mama Vitambaa akainamisha kichwa. Ndipo Afande akasogeza kiti chake, akainama juu ya ile simu, mikono juu ya magoti kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake.

"Mama yako alikuwa kazini," alisema. Kisha akaeleza yote kwa mpangilio: mfuko, waya, birika, harufu. Akasema mfuko ulipitishwa na yeye. Akasema nyumba ipo, shangazi... akajirekebisha, mama mkubwa yupo, mama yupo, na kwamba aliyezima alizima mapema, na mapema namna hiyo yeye mwenyewe alifika mara chache sana katika utumishi wake wote. Mama Vitambaa hakumtazama. Alikuwa ameshika pembe ya kitambaa na kuikunja.

Binti alivuta kamasi. Aliuliza kama kuna aliyeumia, akajibiwa hakuna. Akacheka kidogo, akalia kidogo. Kisha akasema karatasi anayo bado, iko hapa mfukoni, ameshaikunja lakini inasomeka.

"Nikusomee, Mama? Chote?"

"Soma," Mama Vitambaa alisema, na akajiweka sawa kwenye kiti, akalainisha gauni.

Walisikia karatasi ikifunguliwa, ikilainishwa kwa kiganja. Afande alikuwa ameinua kidole.

"Hiyo simu," aliuliza, "iko kwenye chaji?"

"Iko kwenye chaji, Baba. Niko nayo hapa kitandani, nimeiweka juu ya mto."

Dada mtu akafyonza. Akasema mwacheni mtoto asome, tangu asubuhi watu wanangoja, kwani hiki kiapo kina laana gani. Afande alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na sababu yoyote mdomoni, alikuwa anamwomba tu kwa macho.

Mama Vitambaa alikuwa amengoja tangu saa mbili. Alishusha pumzi ndefu, akainama juu ya simu.

"Ichomoe kwanza, mwanangu," alisema. "Tunasubiri."